Mapanga Yaliyofanana Hayataiokoa Rota

Nimeletewa tena ripoti yenye pendekezo lile lile: panga moja la rota ya turbini ya mvuke, yaani sehemu yake inayozunguka, limepasuka karibu na shina, masafa asilia ya mapanga yote (idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo panga hufanya likiguswa na kuachwa) yamepimwa na kuonekana yakipishana kwa takriban asilimia 2, kwa hiyo mtengenezaji abanwe mpaka mapanga yafanane, na mtetemo utakwisha. Nimelisoma pendekezo hili mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuliandika kwa kukariri. Si wazo la kipumbavu, lakini limesimama juu ya nusu ya hesabu.

Niyamalize mapendekezo mengine mepesi kwanza. Kusawazisha rota hutuliza ekseli na beringi zake, wala hakuuzuii mvuke kulipiga panga. Kulinenepesha panga hakuondoi mtetemo, bali huhamisha masafa yake asilia na kuongeza uzito unaolivuta shina kila rota inapozunguka. Rota inayozunguka mara 3,000 kwa dakika nyuma ya mapanga tuli 60, yaani yale yasiyozunguka yanayouelekeza mvuke, hulipiga kila panga mara 3,000 kwa sekunde, na mchoro wa Campbell, unaolinganisha masafa asilia na kasi ya mzunguko, ambao fani yetu imekuwa nao tangu miaka ya 1920, huonyesha ni masafa gani asilia yanayoangukia hapo. Mashine ya kasi moja unaweza kuikwepesha. Ile inayobadili kasi italazimika kupita kwenye rezonansi fulani, yaani mahali mapigo yanapolingana na masafa asilia, upende usipende.

Sasa nifike panaponiudhi. Tuseme rota hiyo ina mapanga 64 yaliyofanana kabisa. Mapigo 60 kwa kila mzunguko yataamsha umbo moja tu la mtetemo, lile ambalo diski inayobeba mapanga hugawanyika kwa mistari 4 ya kipenyo isiyotikisika, kwa sababu 64 ukitoa 60 hubaki 4. Maumbo mengine yote, hata kama masafa yake yanalingana na mapigo, hayapokei nishati yoyote. Hapo ndipo mbuni huchagua idadi ya mapanga tuli kwa makusudi, na mpaka hapo waandishi wa ripoti wako sahihi. Lakini mapanga hayo 64 hayapo duniani. Tofauti ndogo tu ya unene, au ya namna shina lilivyokaa kwenye diski, huvuruga mpangilio huo: nishati ambayo ingegawanywa sawasawa hurundikana kwenye mapanga machache, na jirani zao wakabaki karibu kimya. Mwaka 1966 mtafiti Whitehead alionyesha kwamba, katika hali mbaya kabisa, panga moja linaweza kutetema kuliko lingetetema mapanga yote yakifanana, kwa mara ambazo ni moja kujumlisha kipeuo cha pili cha idadi ya mapanga, yote ukigawanya kwa mbili. Kwa mapanga 64 hiyo ni mara 4.5. Kikomo hicho hufikiwa kwa nadra, lakini hata nusu yake inatosha kulichosha chuma.

Jambo ambalo ripoti hizi hazilitaji kamwe ni umbo la mkunjo. Ukianza na tofauti sifuri na kuiongeza polepole, ukuzaji wa mtetemo hupanda haraka, hufika kileleni tofauti ikiwa bado ndogo, kisha hushuka. Kilele kikae wapi hutegemea nguvu ya diski inayoyaunganisha mapanga na kiasi cha ufifishaji kilichopo, yaani kinachokula nishati ya mtetemo. Anayepunguza tofauti kutoka asilimia 2 hadi 1 kwa gharama kubwa anaweza basi kuwa anapanda kilima akidhani anateremka! Ndiyo maana wabuni wengine huweka aina mbili za mapanga kwa kupokezana, moja gumu na moja laini kidogo. Mbinu hiyo husaidia zaidi dhidi ya mpapatiko, yaani mtetemo unaojilisha wenyewe kutokana na hewa inayopita, kwa kuwa wimbi linalotaka kusafiri kutoka panga hadi panga hukosa jirani wa kulipokea.

Kuna pia vififishaji vya msuguano, vipande vidogo vya chuma vinavyokaa chini ya majukwaa ya mapanga na kubanwa na mzunguko wenyewe. Kikiwa chepesi mno huteleza bila kula nishati ya maana. Kikiwa kizito mno hunata, hakisugui chochote, na kinageuka springi inayohamisha masafa. Uzito unaofaa uko katikati, na hapa nikiri jambo ambalo vitabu hulifunika kwa herufi moja ya Kigiriki: kigezo cha msuguano tunachokiingiza kwenye hesabu ni makisio. Nyuso hubadilika kwa joto na kuchakaa, na rota ile ile ikifunguliwa na kufungwa upya inaweza kutetema tofauti na jana. Nimewahi kuona hesabu yangu ikikosea kiwango cha mtetemo kwa zaidi ya mara mbili ilhali masafa yalikuwa sahihi.

Ripoti hii mpya ina kurasa kadhaa kuhusu masafa ya mapanga, wala haina mstari hata mmoja kuhusu vififishaji. Nimeirudisha nikiomba mambo mawili kabla mtengenezaji hajabanwa: picha za nyuso za vififishaji vilivyokuwa pande zote mbili za panga lililopasuka, na masafa ya kila panga kwa mpangilio wake halisi kwenye diski, kwa kuwa orodha niliyopewa imepangwa kuanzia masafa madogo hadi makubwa, na kwa mpangilio huo hakuna anayeweza kujua nani alikuwa jirani wa nani.