Njia ya mkato ya kibodi, na namna ya kuipanga upya

Njia ya mkato ni kitufe, au vitufe kadhaa vinavyobonyezwa pamoja, vilivyofungwa kwenye amri moja ya programu. Shika hilo neno "kufungwa". Ctrl+C inanakili kwa sababu tu programu ina orodha inayosema vitufe hivi viite amri ile. Orodha hiyo hubadilishwa, na huko ndiko kupanga upya.

Chukua steshenari ya Ngamiani, Tanga. Mteja amekuja na maelezo aliyoyanakili mtandaoni. Ukiyabandika kwenye Word yanaingia na fonti yake, rangi yake na kivuli cha kijivu, nawe unaanza kusafisha. Amri ya kubandika maandishi matupu ipo, inaitwa PasteTextOnly. Anayeihitaji kutwa nzima aipe kitufe chake. F2 inafaa sana: Word imeifunga kwenye MoveText, amri ya kuhamisha maandishi, ambayo wachapaji wengi hawaigusi kabisa.

Fungua "File", "Options", kisha "Customize Ribbon". Chini ya orodha ya kushoto kuna kitufe "Customize", kibofye. Kwenye "Categories" shuka hadi "All Commands", upande wa pili chagua PasteTextOnly. Bofya ndani ya "Press new shortcut key" na ubonyeze F2 yenyewe, usiiandike kwa herufi. Sasa tulia, usome "Currently assigned to". Hapo ndipo Word inakuonyesha amri unayoinyang'anya kitufe, na wengi hupapitia. Ukikuta amri unayoitumia, tafuta kitufe kingine. Ukiridhika, bofya "Assign".

F2 ikipunguza mwanga wa skrini badala ya kubandika, hujakosea: laptopu nyingi huhitaji ushikilie Fn kwanza.

Kosa linalosumbua zaidi liko kwenye "Save changes in", katika dirisha hilohilo. Ukichagua waraka uliofunguliwa, njia yako itafanya kazi kwenye waraka huo tu, na kesho utadhani imefutika. Chagua Normal.dotm, faili ya kiolezo ambayo Word huitumia kwa nyaraka zote. Faili hiyo hukaa kwenye kompyuta ile, chini ya jina la mtumiaji yule, kwa hiyo mashine ya jirani haitakujua. Unaweza kuihamisha kwa flashi: andika %appdata%\Microsoft\Templates kwenye upau wa anwani wa folda, utaikuta. Word iwe imefungwa kwenye mashine zote mbili, maana ikiwa wazi huishikilia faili. Na muulize mwenzako kwanza, kwa kuwa yako ikiingia, mipangilio yake aliyoihifadhi humo inaondoka.