Je, wajua kwa nini michoro ya mitaani huishia kwenye stempu?

Kupaka rangi ukuta wa mtu bila ruhusa ni kosa karibu kila nchi. Stempu nayo ni karatasi ya serikali: hutolewa kwa idhini ya mamlaka ya posta, na picha yake huchujwa sana kabla ya kukubaliwa. Imekuwaje basi sanaa iliyokua kwa kukimbizana na askari ikapewa nafasi ileile ya wafalme na marais?

Tuanze na Ufaransa. Stempu ya kawaida ya nchi hiyo, ile ya barua za kila siku, hubeba uso wa Marianne, mwanamke anayeiwakilisha jamhuri. Kwa desturi, rais mpya huja na Marianne wake. Mwaka 2018 Emmanuel Macron alimchagua Marianne wa Yseult Digan, mchoraji wa mitaani ajulikanaye kama YZ, ambaye awali alikuwa amepamba kuta za Senegal kwa sura za wanawake wapiganaji wa Afrika. Stempu ilizinduliwa Julai mwaka huo huko Périgueux, jirani na kiwanda kinachochapa stempu za Ufaransa, na Marianne huyohuyo akachorwa kwenye ukuta mkubwa mjini humo. Kisha kuna mtu ambaye watu humsahau: Elsa Catelin, aliyeuchonga uso huo kwenye chuma, mstari mmoja baada ya mwingine, hadi ukaenea kwenye karatasi ya milimita 20 kwa 26.

Kwa nini uso wa ukutani uliweza kupunguzwa kiasi hicho bila kuharibika? Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye jibu lenyewe. Mchoraji wa mitaani humchorea mpita njia, mtu aliye kwenye basi au anayewahi kazini, ambaye atautazama mchoro kwa sekunde chache tu. Wengi hutumia stensili: kadibodi iliyokatwa matundu huwekwa ukutani, rangi ya kopo hupulizwa juu yake, na kazi huisha kabla ya askari kutokea. Njia hiyo hairuhusu vivuli vingi wala mapambo madogomadogo. Hubaki mistari mizito, rangi mbili tatu, na wazo moja. Picha inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara husomeka pia ikiwa ndogo kama kucha. Mchoro wa mafuta uliojaa watu hamsini ukipunguzwa hivyo huwa doa tu.

Miss.Tic wa Paris alikuwa bingwa wa stensili. Kuanzia mwaka 1985 alijaza kuta za jiji hilo wanawake wenye nywele nyeusi na maneno makali pembeni yao. Alikamatwa mwaka 1997, akashtakiwa na kutozwa faini, na baada ya hapo akawa anaomba ruhusa kwanza. Mwaka 2011, kwa ajili ya Siku ya Wanawake Duniani, posta ya Ufaransa ilitoa stempu zenye kazi zake. Dola iliyomwadhibu ikawa inaziuza picha zake dirishani.

Biashara nayo ina sehemu yake. Barua zimepungua sana tangu watu waanze kuandikiana kwa simu na barua pepe. Lakini mkusanyaji anayenunua stempu na kuiweka kwenye albamu amelipia safari ambayo posta haitaifanya kamwe, kwa hiyo mamlaka za posta hutafuta mada zitakazowavuta vijana, ambao stempu za ndege na maua zimewapita kando.

Ila kuna stempu moja ambayo biashara peke yake haiwezi kuieleza. Mwishoni mwa mwaka 2022 Banksy, mchoraji wa Uingereza anayeficha jina lake halisi, aliacha michoro saba nchini Ukraina. Mmoja ulikuwa Borodyanka, mji wa karibu na Kyiv uliopigwa vibaya na mabomu ya Urusi: mtoto mdogo aliyevaa nguo za judo akimpiga mwereka mtu mzima. Kila mtu alielewa, kwa sababu Vladimir Putin ana mkanda mweusi wa judo na alikuwa rais wa heshima wa Shirikisho la Kimataifa la Judo hadi alipoondolewa baada ya uvamizi. Tarehe 24 Februari 2023, vita vikitimiza mwaka, posta ya Ukraina ilitoa stempu ya mchoro huo, ikaongeza tusi kwa Putin lililofupishwa kwa herufi sita. Watu walipanga foleni. Ukuta ule ulikuwa kwenye magofu. Stempu iliutoa pale na kuupeleka kokote barua inakofika.

Kuna sababu nyingine ya kuchapa michoro hii mapema: kuta hazidumu. Mchoro mwingine wa Banksy, uliokuwa Hostomel, mji mwingine wa Ukraina, ulikatwa pamoja na kipande cha ukuta Desemba 2022 na kundi la watu waliokamatwa papo hapo. Huko New York, Keith Haring alichora kwa chaki kwenye vibao vya matangazo vilivyokuwa wazi katika vituo vya treni za chini ya ardhi, akakamatwa mara kadhaa, na michoro mingi ikafutika au kubandikwa matangazo mapya. Alifariki mwaka 1990 kwa UKIMWI akiwa na miaka 31. Januari 2025 posta ya Marekani ilitumia mchoro wake kwa stempu ya mapenzi, katika mfululizo ulioanza mwaka 1973.

Hata hivyo mlango haujafunguliwa kwa wote. Posta huchagua nyuso na mioyo, michoro inayopendeza kila jicho. Majina yaliyokorogwa kwenye mabehewa, ambayo ndiyo chanzo cha grafiti (maandishi na michoro ya mitaani) ya New York, hayapati nafasi hiyo kirahisi. Marekani ilisogea karibu mwaka 2020 ilipotoa stempu nne za hip hop, moja ikiwa ya grafiti. Wachoraji wa majina wenyewe hawakusubiri: kwa miaka mingi wamekuwa wakichukua lebo namba 228, ambazo posta hiyo hutoa bure kwa ajili ya anwani za vifurushi, wakaandika majina yao juu yake na kuyabandika kwenye nguzo za barabarani.