Katalitiki konveta ni nini, na kwa nini usikubali itobolewe ovyo

Fuata bomba la ekzosi la gari la petroli kutoka kwenye injini kuelekea nyuma. Kabla ya kufika kwenye sailensa utakuta kopo la chuma limeungwa katikati ya bomba. Hiyo ndiyo katalitiki konveta. Ndani yake mna kigae chenye vitundu vidogo vidogo mfano wa sega la asali, na kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu.

Moshi ukipita humo, madini hayo huubadilisha bila yenyewe kuisha. Kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kumuua mtu aliyejifungia gereji na gari linalonguruma, hugeuka kaboni dioksidi. Petroli ambayo haikuungua hugeuka maji na kaboni dioksidi. Oksidi za nitrojeni, zinazochoma mapafu, hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Kazi hiyo huanza joto likikaribia nyuzi 300, ndiyo maana gari huchafua hewa zaidi dakika za kwanza baada ya kuwashwa.

Mombasa wengi wetu hupima moshi kwa macho, na hapo ndipo tunapoumia. Gari lisilo na konveta nzima laweza kusimama kwenye foleni ya feri Likoni, injini inawaka, nyuma huoni hata wingu, na aliye nyuma yake na mtoto mgongoni anavuta sumu.

Gari kuukuu likikosa nguvu, fundi mara nyingi husema konveta imeziba. Huikata, hulivunjavunja sega kwa nondo, kisha huchomelea kopo tupu mahali pake. Gari hupata pumzi na mwenyewe huondoka ameridhika. Lakini konveta haizibi hivi hivi. Plagi ikikosa kuchoma, petroli mbichi huingia humo, huwakia ndani na kuliyeyusha sega. Ringi za pistoni zikilika, oili huungua na majivu yake huyafunika madini. Ukitoboa bila kutibu injini, ugonjwa uko pale pale, na sasa jirani zako wanauvuta. (Na lile sega lina thamani kubwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, uliza linakwenda wapi.)

Zamani madini ya risasi (ledi) yaliyotiwa kwenye petroli ndiyo yaliyoziua konveta, lakini Kenya iliachana nayo kufikia 2006.

Sheria nazo zipo. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiitwacho KS 1515 hakiruhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, na Kanuni za Ubora wa Hewa zinaweka mipaka ya moshi wa magari. Matatu na magari ya biashara hupelekwa kukaguliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Kabla ya kukubali ikatwe, gonga kopo taratibu kwa ngumi gari likiwa limepoa. Likitoa mlio wa vipande vinavyogongana, sega limevunjika. Kisha mwambie fundi aanze na plagi, koili inayoipa plagi umeme na sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, ndipo mzungumze bei ya konveta nyingine.