Kombe la Malaria Mtaani: Pesa za Uwanjani Ziende Wapi?

Kila Siku ya Malaria Duniani, 25 Aprili, inapokaribia, meza zetu za afya ya umma hapa Nairobi hujaa barua za makatibu wa timu. Barua huanza kwa salamu ndefu, hutusifu kidogo, kisha huomba baraka za kuandaa kombe la malaria, na pesa zitakazopatikana zinunue dawa ya kupulizia mitaro ya mtaa. Nia ni njema, nasi hatuna ugomvi nayo. Tatizo liko kwenye huo mtaro.

Mbu anayezaliana kwenye maji meusi ya mtaro kwa kawaida ni kuleksi. Anauma na ananyima watu usingizi, lakini haambukizi malaria. Anofelesi, ambaye ndiye mwenye kesi, hupendelea maji yasiyo na uchafu mwingi: madimbwi ya mvua yanayopigwa na jua, alama za kwato za ng'ombe, kingo za mabwawa, mashamba ya mpunga. Isitoshe, Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na baridi yake humchelewesha kimelea cha malaria kukomaa ndani ya mbu. Tumelieleza jambo hili kwenye baraza za chifu, makanisani na misikitini, na bado mwaka unaofuata barua ni ileile, mtaro ni uleule.

Mgonjwa wa malaria anayeonekana zahanati ya jijini mara nyingi amerudi safarini, kutoka kaunti za Ziwa Victoria au Pwani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 uliwapima watoto wa miezi 6 hadi miaka 14: nchi nzima asilimia 6 walikuwa na vimelea, lakini ukanda wa ziwa ilikuwa asilimia 19. Sasa hesabu ni wachezaji wangapi wa timu yako wana nyanya Siaya, Busia, Migori au Homa Bay. Huko ndiko chandarua kinakohitajika, na huko ndiko watoto wa Nairobi huenda kulala mwezi mzima wa Desemba wakiwa hawana kinga yoyote mwilini dhidi ya ugonjwa huo.

Simaanishi usafi wa mtaa uachwe. Mathare Youth Sports Association, chama cha michezo cha vijana wa Mathare hapa Nairobi, tangu ilipoanzishwa 1987, imezipa timu zake pointi za ligi kwa kuzoa taka, na mtu yeyote aliyewahi kuona vijana wakikimbilia koleo kama wanavyokimbilia mpira anajua mpango huo una nguvu. Tena kuna anofelesi wa aina nyingine, stephensi, aliyegunduliwa nchini kwa mara ya kwanza huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2022, ambaye hupenda miji na huzaliana kwenye matangi na mapipa ya maji. Kwa hiyo timu ikitaka kazi ya mikono mtaani, ifunike matangi. Hiyo haihitaji kuchangisha hata shilingi.

Tuje kwenye pesa, kwa sababu hapa ndipo watu hujikuta matatani.

Mechi ndani ya kiwanja ni jambo moja, na mbio au matembezi barabarani ni jambo lingine. Mkipita barabarani, Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura 56, inawataka mpeleke ilani ya maandishi kwa afisa msimamizi wa kituo cha polisi katika muda usiopungua siku 3 na usiozidi siku 14 kabla. Ilani iwe na majina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia mtakayopita. Saa ziwe kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Siku 2 hazitoshi. Siku 20 ni mapema mno, na barua itarudishwa. Kumpigia simu mzee wa mtaa si ilani. Anayeshiriki mkusanyiko usio halali anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, na refa hana kadi ya kuwaokoa hapo. Kiwanja nacho kina mwenyewe, iwe kaunti, shule au kanisa. Pateni kibali chake kwa maandishi.

Kupitisha mikebe barabarani au nyumba kwa nyumba kunaingia chini ya Sheria ya Michango ya Umma, Sura 106, nako kunahitaji leseni. Ada ya timu kuingia mashindanoni ni rahisi zaidi kuisimamia. Bahati nasibu ya jezi wakati wa mapumziko, hata mkiiita ya hisani, mbele ya sheria ni kamari, kwa hiyo ulizeni kwanza mamlaka inayohusika. Ukichangisha kwa madai ya uongo, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinakungoja na kifungo cha hadi miaka 3.

Msitumie laini ya M-Pesa ya mweka hazina. Ina kikomo cha salio cha shilingi 500,000, lakini hilo ndilo dogo; kubwa ni kwamba pesa za neti zitachanganyika na za unga, na mwisho wa mwezi hata yeye mwenyewe hatajua zipi ni zipi. Fungueni akaunti ya kundi yenye watia sahihi watatu.

Picha nazo. Mtoto aliyeshika chandarua hupendeza kwenye bango, ila Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kombe lenu halitaingiza kiasi hicho.

Chandarua mnachonunua kiwe kimetiwa dawa kiwandani na kimesajiliwa na Bodi ya Udhibiti wa Bidhaa za Kuua Wadudu. Neti nyeupe ya dukani yenye maua pembeni ni pazia tu. Neti za serikali, zinazotolewa bure kliniki kwa wajawazito na watoto wachanga katika kaunti zenye malaria nyingi, haziuzwi, mkiuziwa, ripotini. Kwa hesabu, gawanyeni idadi ya watu kwa 1.8: kijiji cha watu 900 kinahitaji neti 500. Kabla ya kubeba mzigo, ongeeni na ofisi ya afya ya kaunti ndogo ya huko mnakokwenda, kwa sababu huenda ugawaji wa kitaifa umepita juzi, na nyumba yenye neti sita itafugia kuku kwa tatu.

Waliochangia waambieni neti zilifika wapi. Rob Mather wa Uingereza alianza kuchangisha pesa za malaria kupitia waogeleaji mwaka 2005, na shirika lililotokana na kampeni hiyo, Against Malaria Foundation, huchapisha mahali neti zake zinakogawiwa. Timu ya mtaa inaweza kufanya hivyo kwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni pa kinyozi.

Na wachezaji wenyewe wanaposafiri ushago kupeleka neti hizo, walale ndani ya neti. Homa huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, yaani ukisharudi Nairobi na kusahau safari. Nenda upimwe siku hiyohiyo, na umwambie daktari ulikotoka kabla hajakuuliza.