Hesabu mfungo wa siku 29: maandalizi ya sikukuu bila ya pupa

Mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na hapa Zanzibar hatujui ni zipi mpaka jioni ya tarehe 29 mwezi utafutwe na Ofisi ya Mufti itoe taarifa. Kwa upande wa ibada jambo hilo halina mashaka yoyote, lakini kwa msimamizi wa jiko ndilo chanzo cha karibu harakati zote za usiku wa kuamkia Idi, hasa pale taarifa inapotolewa watu wameshatoka kwenye tarawehe na sokoni Darajani hapapitiki. Mimi ni mwalimu wa sayansi kimu, na ushauri ninaoutoa kila Ramadhani ni huu: hesabu mfungo wa siku 29. Kila kinachoweza kukamilika bila ya kusubiri mwezi kikamilike kabla ya futari ya tarehe 29, na tukijaaliwa kufunga thalathini, siku hiyo iwe ya kupumzika.

Kwa vyakula, kigezo ni unyevu. Vijidudu vinavyoharibu chakula haviwezi kuzaliana pasipo na maji ya kuvitosha, ndiyo maana haluwa hukaa muda mrefu bila ya jokofu: maji yaliyomo yameshikwa na sukari. Vileja na visheti navyo ni vikavu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvipika usiku wa mwisho. Vipikwe kumi la mwisho linapoanza, viachwe vipoe kabisa, kisha vitiwe kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza. Ukivifunika vikiwa na moto, mvuke hugeuka maji ndani ya kopo na visheti hulegea. Mkate wa kumimina ni kinyume chake, kwani una tui na unyevu mwingi, na katika joto letu haufai kulazwa nje. Mchele wake uroweke mchana wa tarehe 29. Mwezi usipoandama hujapata hasara, kwa kuwa mkate huo utaliwa kwenye futari ya siku ya thelathini.

Biriani ndilo linalowachosha wengi, na bado sehemu kubwa ya kazi yake haihusiani na siku yenyewe. Vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka na kuchujwa mafuta hukaa vizuri kwenye jokofu kwa siku kadhaa, na tangawizi na thomu zilizosagwa hugandishwa kwenye friza kwa vipimo vya mpiko mmoja mmoja. Umeme ukikatika, usiifungue friza kila mara ili kuangalia: iliyojaa ikiachwa imefungwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa takriban saa 24.

Nyama inahitaji tahadhari ya peke yake. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papeini, ambacho huvunja protini na kuilainisha nyama, na hakiachi kazi yake kwa sababu mwezi haukuonekana. Baridi ya jokofu hukipunguza kasi tu. Ukiitia nyama papai alasiri ya tarehe 29 kisha tukakamilisha thalathini, kesho yake utakuta imekuwa ujiuji. Itie chumvi, viungo na mtindi, uiweke kwenye jokofu, na papai lingoje taarifa.

Nguo hazina mjadala mrefu: mafundi cherehani huelemewa mapema, na kitambaa kinachopelekwa kumi la mwisho hupokewa kwa ahadi ambayo fundi mwenyewe haiamini. Kipelekwe mwezi wa Mlisho, yaani Shaabani.

Pupa huonekana wazi zaidi kwenye hina. Hina halisi hutaka kukaa mkononi kwa saa kadhaa, na rangi yake huendelea kukoza kwa siku moja au mbili baada ya kubanduliwa, kwa hiyo anayepaka usiku wa tarehe 27 hupendeza kuliko anayepaka usiku wa sikukuu. Aliyechelewa hukimbilia piko, rangi nyeusi ya kuchorea mwili, ambalo hushika haraka, na ndani yake mara nyingi mna kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge. Kwa mtoto mdogo mimi siliruhusu kabisa.

Zakatul-fitri nayo isisahauliwe katika vurumai. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, inajuzu kuitoa tangu Ramadhani inapoingia, ingawa bora zaidi ni asubuhi ya Idi kabla ya sala. Kwa hiyo mchele, pishi moja kwa kila mtu wa nyumbani, upimwe na utengwe mapema hata kama utapelekwa asubuhi hiyo. Chenji ya mkono wa Idi ya watoto pia itafutwe mapema. Kazi hizi mbili nawapa akina baba, kwa sababu hazihitaji jiko, na sijaona kwa nini mwenye kupika ndiye azikumbuke.

Sikukuu yetu ni ya siku nne, na wageni hawaji wote siku ya kwanza. Pika chakula kizito mara moja kwa siku; anayekuja baada ya hapo akaribishwe kwa kahawa, haluwa na vile vileja vya kwenye kopo. Wali au pilau lililobaki lisikae juu ya meza mpaka usiku, kwa kuwa wali uliopoa polepole huotesha bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto.

Iddi Kubwa haina fumbo hili. Huangukia tarehe 10 Mfunguo Tatu (Dhulhija), mwezi umeshaandama siku tisa nyuma, na kinachotaka kupangwa hapo ni nafasi ya friza, maana nyama ya kuchinja huingia kwa mkupuo mmoja.