Spika kwanza: muziki wa maana sebuleni kwa shilingi 400,000

Ukiingia dukani na shilingi 400,000 ukasema unataka kusikiliza muziki nyumbani, utaonyeshwa sabufa. Ina boksi kubwa, taa za rangi na rimoti, na katoni imeandikwa PMPO wati 12,000, namba ya nguvu ya kilele inayowekwa kumvutia mnunuzi. Igeuze. Nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, kuna kibandiko kidogo: 230V, 50Hz, 60W. Kibandiko hicho ndicho cha kuamini. Mashine inayokula wati 60 kutoka ukutani haiwezi kutoa hata wati 60 mfululizo kwenye spika, maana sehemu yake lazima iishie kuwa joto.

Kwa shughuli ya uani sabufa inatosha, na mimi mwenyewe natengeneza nyingi hapa Ngamiani, Tanga. Ninachoilaumu ni besi yake. Spika ya besi imefungiwa ndani ya boksi lenye tundu, na boksi hilo huvuma zaidi kwenye masafa (kasi za mtetemo) machache tu. Gitaa la besi lipande au lishuke, wewe unasikia mvumo ule ule. Kwa mji wetu hiyo ni hasara kubwa. Black Star Musical Club walikuwa watu wa hapa hapa Tanga, na ndio walioingiza gitaa la umeme na gitaa la besi kwenye taarabu miaka ya 1960. Katika nyimbo zile besi inatembea, inajibizana na sauti ya mwimbaji. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na kila noti inayofuata ina mtetemo wake. Ukiisikia yote kama dum, dum, dum, umenyimwa nusu ya wimbo.

Mwaka huu alikuja mzee mmoja mstaafu, kaseti zake amezifunga kwenye kitambaa. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, nina laki nne. Nataka nisikie besi inavyokwenda, kama tulivyokuwa tukiisikia ukumbini." Nitaeleza tulivyozigawa zile fedha, kwa sababu wengi huzigawa kinyume.

Shilingi 180,000 zilikwenda kwenye spika. Watu hushangaa kuona karibu nusu ya bajeti inaishia kwenye makasha mawili ya mbao, lakini spika ndiyo inayougeuza umeme kuwa hewa inayotetema, na hapo ndipo sauti inapoharibika zaidi kuliko mahali pengine popote. Tulichukua jozi ya mtumba, kila kasha lina wufa (spika kubwa ya besi) ya inchi sita na nusu na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) juu yake, ukinzani wa omu 8. Zipo nyingi kwenye makontena, ila zikague kabla hujatoa hela. Toa wavu wa mbele, washa tochi ya simu, tazama ule ukingo unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji, uguse kwa ncha ya kidole. Hewa yetu ya pwani ni ya unyevu, na sponji ya miaka 20 mara nyingi inabaki unga kidoleni. Ukingo wa mpira hudumu zaidi, nami huuchagua huo hata kama kasha lina mikwaruzo. Halafu weka vidole vinne kuzunguka kati ya koni, isukume ndani taratibu, sawasawa pande zote. Ukisikia inakwaruza, koili inagusa sumaku. Iache hapo hapo.

Mita ya kupimia umeme nayo isikosekane mfukoni. Spika ya omu 8 kwenye mita husoma kama 6 au 7, na hilo si kosa, kwa sababu mita inapima ukinzani wa waya tu. Lakini mita haitakwambia lolote kuhusu twita ukipimia nyuma ya kasha, maana kwenye krosova (saketi inayogawa besi na sauti nyembamba) kuna kapasita inayozuia umeme wa mita. Twita inapimwa kwa sikio: piga muziki, sogeza sikio karibu nayo, usikie kama inatoa ile "sss" ya matoazi. Ikiwa kimya, huenda imeungua.

Muuzaji akiwa na karatasi ya spika, tafuta namba ya desibeli, kipimo cha sauti inayotoka spika ikipewa wati 1. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 1 inasikika sawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 2. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Kwa hiyo spika yenye sauti inaokoa fedha ya ampu, mashine ya kukuza sauti.

Kwenye ampu watu hupata hasara kwa njia nyingine. Ampu za Kijapani za mtumba ni imara na zina sauti tamu, lakini Japani wanatumia volti 100. Mteja wangu mmoja aliinunua yake asubuhi, akaichomeka kwenye soketi ya volti 230, na kabla hajakaa kwenye kochi trasfoma ilikuwa inatoa moshi. Aliniletea ikiwa bado ya moto, na harufu ile ya vanishi iliyoungua haikutoka kwenye meza yangu siku nzima. Soma nyuma kabla ya kuchomeka. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti. Isiyokuwa nayo inahitaji trasfoma ya kushusha, na hiyo nayo ni gharama.

Mzee nilimfungia bodi ndogo ya ampu yenye chipu ya TPA3116, kwenye boksi la bati. Pamoja na kazi ilikuwa 65,000. Chipu hii inakubali volti kuanzia 4.5 hadi 26, na haina joto kubwa. Niliilisha kwa chaja ya laptop ya 19V, 3.42A, niliyoipata kwa 30,000. Kwenye spika za omu 8 inatoa kama wati 20 kila upande. Ukiona ni chache, rudi kwenye desibeli: spika ya desibeli 88 ikipewa wati 20 inafika kama desibeli 101 kwa umbali wa mita moja. Majirani watasikia. Faida nyingine ni kwamba umeme ukikatika, bodi hiyo hiyo inafanya kazi kwa betri ya sola ya volti 12, kwa sauti ya chini kidogo.

Waya usikusumbue. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa kawaida wa fundi umeme, ukiwa na mita 5 una ukinzani wa omu 0.12 kwenda na kurudi, kitu kidogo mbele ya omu 8. Adui wa waya huku kwetu ni chumvi ya bahari. Ncha ikigeuka kijani, kata hadi ukute shaba inayong'aa. Waya na pini zilikula 25,000.

Kabla ya kufunga kabisa, chukua betri ndogo ya volti 1.5 uguse nyuma ya kila spika kwa nukta moja, chanya kwenye nyekundu. Koni za wufa zote mbili zitoke nje. Moja ikiingia ndani, imefungwa kinyume: itakuwa inavuta hewa wakati mwenzake inasukuma, na besi itapotea katikati ya chumba. Nimeitwa majumbani mara nyingi kwa "spika hazina besi", na nilichofanya ni kubadilisha nyaya mbili tu.

Elfu 50 seremala alizitumia kutengeneza stendi mbili, twita ikae usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Elfu 50 za mwisho zilikwenda kwenye mikanda mipya ya mpira ya kuzungushia deki yake ya kaseti na spiriti ya kusafishia hedi, kile kichwa kinachosoma kaseti. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo ya kurekebisha mlalo wake. Niliigeuza kwa bisibisi ya saa, kidogo mno, huku kaseti inacheza, hadi fidla iliyokuwa kama imefunikwa blanketi ikajitokeza.

Ilibaki sebule ya mzee yenyewe. Nilipiga kofi moja katikati, chumba kikajibu kwa mlio mkali: sakafu ya vigae, kuta za tofali, dirisha bila pazia. Bibi, mke wake, akatoa mkeka mkubwa tukautandika mbele ya spika, na pazia zito likarudi dirishani. Spika mzee alikuwa amezisukumia kwenye pembe kabisa za chumba. Pembe, pale kuta mbili zinapokutana, huikuza besi hadi inakuwa ule ule mvumo wa sabufa. Nikazivuta mbele nusu mita, nikaziachanisha mita mbili, nikazigeuza kidogo zimtazame alipoketi, naye mita mbili kutoka kila moja.

Nikarudisha kaseti mwanzo. Besi ikaingia, noti moja, ya pili ikashuka, ya tatu ikapanda. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, kidole chake kikizifuata zile noti kwenye mkono wa kochi. Upande wa kwanza ulipoisha, bibi ndiye aliyeinuka kwenda kuigeuza kaseti.