50 na 50 zisizofika 100

Mwambie mwanafunzi ajumlishe mililita 50 na mililita 50, atakujibu 100 kabla hujamaliza kuuliza. Kwa maji na maji yuko sahihi. Kwa maji na ethanoli, yaani alkoholi iliyomo kwenye pombe, amekosea.

Pima mililita 50 za maji kwenye silinda ya kupimia, na mililita 50 za ethanoli kwenye silinda nyingine iliyo kavu. Zimimine zote kwenye silinda ya mililita 100, ziba kwa kizibo, ipindue mara chache. Mkono utahisi joto kidogo. Subiri ipoe, kisha soma jicho likiwa usawa mmoja na uso wa kimiminika: mchanganyiko utasimama kati ya 96 na 97. (Moto uwe mbali kabisa. Na wanaotumia spiriti badala ya ethanoli wakumbuke kuwa mara nyingi ina methanoli, ambayo ni sumu.)

Darasa litasema umemwaga. Pingamizi hilo ni la haki, usilinyamazishe, leta mizani. Maji yana karibu gramu 50, ethanoli karibu gramu 39.5, na jumla yake haibadiliki baada ya kuchanganya. Kilichopungua ni ujazo tu.

Sasa waulize: kama kimiminika hakina punje wala mianya, mililita zile zimeingia wapi?

Walimu wengi hujibu kwa maharage na ulezi. Kikombe kimoja cha kila kimoja ukivichanganya, ulezi hujipenyeza katikati ya maharage na vikombe viwili havitimii. Mfano mzuri, ila naomba tusiishie hapo. Maharage hayavutani, wala hayapati joto yakichanganywa na ulezi, ilhali silinda yetu ilipata. Molekuli za maji hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, kwa mpangilio wenye nafasi wazi nyingi. Ethanoli ikiingia, vifungo hupangika upya, molekuli husogeleana zaidi, na joto hutoka.

Muda ukiruhusu, kila kundi lipewe uwiano wake: 20 na 80, 40 na 60, 70 na 30. Wabashiri kwanza upungufu, ndipo wapime na kuchora grafu. Uhusiano huohuo wa alkoholi na maji ndio mwanakemia Mrusi Dmitri Mendeleev alioutolea tasnifu yake ya udaktari mwaka 1865, miaka 4 kabla ya jedwali lake la elementi.